Nani Amlipe Mhariri?

Mwanzoni mwa 1906 wasomaji wa Scientific American huko Marekani walikutana na tangazo dogo lililoahidi jambo kubwa: mtambo kamili wa mawasiliano yasiyo na waya, wa kutuma na kupokea, kwa dola 7.50. Mwenye tangazo alikuwa Hugo Gernsback, kijana wa Luxembourg aliyeingia Marekani mwaka 1904 akiwa na miaka 19. Bei ilikuwa ndogo mno hata, kwa masimulizi yake mwenyewe, polisi akatumwa dukani kwake kuhakikisha kwamba si utapeli. Polisi akaonyeshwa mtambo ukifanya kazi, na biashara ikaendelea.

Taabu ya Gernsback ilikuja baada ya mauzo. Mtu ameshanunua koili, betri na waya, amefika navyo nyumbani, sasa avifanyie nini? Katalogi ya duka lake, Electro Importing Company, haikuwa na nafasi ya kumfundisha kila mteja. Ndipo Aprili 1908 Gernsback akaanzisha jarida, Modern Electrics, lililouzwa senti 10. Ukurasa mmoja ulimfundisha kijana kutengeneza antena, na kurasa chache mbele alionyeshwa pa kununua vifaa vyake. Mhariri na mwenye duka alikuwa mtu yule yule. Hakuna aliyeona ajabu, na sioni kwa nini angeona. Wasomaji walipata maarifa ambayo shule hazikuwa nayo, na Gernsback alipata wateja. Lakini ni hapo ambapo majarida ya mafundi wa redio yalizaliwa yakiwa na mguu mmoja dukani, na mguu huo umeyasumbua kwa zaidi ya miaka mia moja.

Biashara ya majarida kwa jumla ilikuwa imeshabadilika kabla yake. Mwaka 1893 mchapishaji Frank Munsey alishusha bei ya jarida lake kutoka senti 25 hadi senti 10, akauza chini ya gharama, kisha akafidia hasara kwa matangazo. Wenzake walimfuata. Sheria ya posta ya Marekani ya 1879 nayo iliweka masharti yake: jarida lilisafirishwa kwa nauli ya chini endapo tu lilikuwa na orodha halali ya watu waliojiandikisha, na halikuwa la kugawiwa bure wala la matangazo matupu. Kwa hiyo msomaji alipaswa kulipa kitu, hata kama ni kidogo. Alilipa ili ahesabiwe, na hesabu hiyo ndiyo iliyouzwa kwa wafanyabiashara.

Tofauti moja ni lazima niitaje mapema, maana wanaolaani matangazo huisahau. Tangazo la sabuni katika gazeti la kila siku ni kero. Tangazo la vali mpya katika jarida la redio ni habari. Fundi anayetafuta kapasita ya kiwango fulani, akiishi mji usio na duka hata moja la vifaa hivyo, husoma matangazo kwa makini kuliko makala. Hulinganisha bei, hukata vipande, huvihifadhi. Ukimwondolea matangazo yote unamwibia nusu ya jarida. Swali, basi, si kama matangazo yawepo. Swali ni siku mwenye tangazo anapokasirika au anapofilisika, jarida linabaki na nani.

Jibu la kwanza lilitoka Hartford, Connecticut. Aprili 1914 Hiram Percy Maxim, mhandisi na mpenzi wa redio ya ridhaa, alitaka kupeleka ujumbe Springfield, kiasi cha kilomita 40 tu, kuhusu vali aliyotaka kuinunua. Mtambo wake haukufika. Akamwomba mwenzake wa Windsor Locks, mji ulio katikati, aupokee ujumbe na kuusukuma mbele. (Baba yake Maxim ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha yenye jina la ukoo wao, ile ile ambayo wakoloni waliileta kwetu. Mwana alichagua kuunganisha watu kwa mawimbi.) Kutokana na kisa hicho likaundwa shirikisho la wapenda redio wanaopokezana ujumbe, American Radio Relay League, na Desemba 1915 Maxim na kijana aitwaye Clarence Tuska wakatoa jarida la shirikisho hilo kwa fedha zao wenyewe. Waliliita QST, herufi za lugha ya simu za upepo zinazoita vituo vyote visikilize.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 serikali ilizima mitambo yote ya ridhaa. QST lilitoa toleo la Septemba mwaka huo, likanyamaza. Vita vilipokwisha shirikisho halikuwa na kitu: wanachama wametawanyika, wengi wakiwa jeshini, na jarida lenyewe kisheria lilikuwa mali ya Tuska. Viongozi wakachukua hatua ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Waliuza hati za mkopo kwa wapenda redio wenyewe, na kwa fedha hizo wakalinunua QST. Fikiria hali ilivyokuwa. Katikati ya 1919 mtu wa ridhaa nchini Marekani alikuwa bado haruhusiwi kurusha mawimbi. Ruhusa ilirudi mwishoni mwa Septemba. Watu hao walitoa pesa mfukoni kulinunua jarida la shughuli ambayo serikali ilikuwa haijairudisha. Hakuna mwenye duka ambaye angeweka hata senti katika biashara ya namna hiyo, na hangelaumiwa.

Tangu hapo QST limekuwa mali ya wanachama. Mtu alilipa ada ya mwaka, na jarida likamfikia kama sehemu ya uanachama wake. Matangazo lilikuwa nayo tangu mwanzo, tena mengi: Hallicrafters, National, Hammarlund, Collins, majina yote makubwa ya mitambo ya Marekani yalinunua kurasa humo. Ila ada ndiyo iliyokuwa msingi. Faida yake ilionekana katika safu ya kupima mitambo mipya. Maabara ya shirikisho ilifikia kuwa na kanuni ya kununua mtambo dukani kama anavyonunua mteja yeyote, badala ya kupokea ule uliochaguliwa na kiwanda, kisha kupima na kuchapisha namba zilizopatikana. Mtambo ukiwa mbovu, namba zinasema. Jarida linaloishi kwa hisani ya kiwanda hicho lingeona vigumu kufanya hivyo.

Wasomaji wetu wa pwani watapenda kujua kwamba hata Zanzibar ilikuwa na nafasi yake katika ulimwengu huu. Wapenda redio hushindana kuzungumza na nchi nyingi iwezekanavyo, na orodha ya nchi hutunzwa na shirikisho hilo hilo. Kabla ya uhuru vituo vya Tanganyika vilianza na alama VQ3, vya Kenya VQ4, vya Zanzibar VQ1. Muungano ulifanyika 1964, lakini katika orodha ile Zanzibar iliendelea kuhesabiwa peke yake hadi 1974.

Sasa nisije nikalipamba QST kupita kiasi. Jarida linalomilikiwa na chama lina bosi wake pia, naye ni chama. Mwaka 1963 viongozi wa shirikisho waliunga mkono kanuni mpya: sehemu za masafa ambazo watu wengi walikuwa wakizitumia kwa leseni ya kawaida zitengwe kwa wenye leseni za juu, ili watu washawishike kusoma na kufanya mitihani migumu zaidi. Wanachama wengi walihisi wamenyang'anywa haki waliyokwisha kuipata. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliipitisha kanuni hiyo 1967, ikaanza kutumika kwa awamu Novemba 1968 na Novemba 1969. Katika miaka yote ya mabishano hayo QST lilikuwa sauti ya uongozi. Mwanachama mwenye hasira aliyetaka kuona hoja yake ikitetewa kwa nguvu ilibidi aende kwenye jarida lingine.

Jarida hilo lilikuwa 73, na hapa anaingia Wayne Green, mtu mwenye maneno mengi kuliko mhariri yeyote niliyewahi kumsoma. Green alikuwa ameshika uhariri wa CQ, jarida la kibiashara la redio lililoanza Januari 1945, tangu 1955 hadi walipoachana naye mwanzoni mwa 1960. Oktoba mwaka huo huo akatoa toleo la kwanza la 73. Namba hizo ndizo salamu za heri za wapiga simu za upepo. Makao yake yalianza Brooklyn, kisha akahamia Peterborough, mji mdogo wa New Hampshire. Tahariri zake zilijaza kurasa kadhaa kila mwezi. Aliandika juu ya redio, juu ya pesa, juu ya elimu, na hasa juu ya makosa ya viongozi wa shirikisho. Kanuni ile ya leseni aliipiga mwaka hadi mwaka.

Chombo kilichompa Green uhuru wa kuwasema wakubwa ni matangazo. Wenye viwanda nao hawakuipenda kanuni ya leseni, maana mtu asiye na hakika ya masafa yake hanunui mtambo mpya. Kwa hiyo msomaji mpinzani, mhariri mkaidi na mwenye kiwanda walijikuta upande mmoja. Nimewasikia watu wakisema kwamba pesa ya msomaji ndiyo safi siku zote na pesa ya tangazo ni chafu siku zote. Hao hawajaisoma historia ya 73.

Mambo yalipanuka Januari 1975, pale Popular Electronics lilipoweka kwenye jalada lake kompyuta iitwayo Altair 8800, ya kuunganisha mwenyewe, kutoka kampuni ndogo ya MITS mjini Albuquerque. Bei ilikuwa chini ya dola 400. Maelfu waliagiza. Green, ambaye wasomaji wake walikuwa watu wa kushika chuma cha kulehemu, aliona soko limezaliwa. Alimtafuta Carl Helmers, aliyekuwa akitoa mwenyewe kijarida chake cha kompyuta kilicholipiwa na wasomaji wachache, akampa uhariri. Septemba 1975 likatoka Byte, kwa kutumia ofisi na orodha za 73.

Green hakudumu nalo. Umiliki wa Byte ulikuwa kwa jina la aliyekuwa mkewe, Virginia, naye katika miezi michache alilichukua na kuliendesha mwenyewe. Green akabaki amepigwa na butwaa. Akaanzisha jingine, Kilobaud, Januari 1977. Jina alilolitaka kwanza lilikuwa Kilobyte, lakini wenye Byte walimzuia. Mji wa Peterborough, wenye watu elfu chache, ukawa na majarida mawili ya kompyuta yasiyosalimiana.

Byte ndilo mfano mzuri kuliko yote wa jarida la hobi lililojengwa na matangazo, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua toleo lolote la mwishoni mwa miaka ya 1970. Chini ya kila tangazo kuna namba ndogo. Nyuma ya jarida kuna kadi iliyojaa namba hizo kwa safu. Msomaji huzungushia duara namba za bidhaa zilizomvutia, huandika anwani yake, huitia posta, na baada ya wiki kadhaa bahasha za vipeperushi huanza kumiminika kutoka kila kampuni. Kwa msomaji ilikuwa njia rahisi ya kupata habari. Kwa jarida ilikuwa ushahidi: mwenye tangazo aliletewa majina ya watu waliouliza, akajua pesa yake imekwenda wapi. Mtu yeyote anayedhani kumfuatilia msomaji kulianza na intaneti aitazame kadi ile.

Kulikuwa pia na kadi ya pili, na hii naipenda zaidi. Byte liliwaomba wasomaji wapigie kura makala za kila toleo, na mwandishi aliyeongoza alipata nyongeza ya fedha. Kwa hiyo jarida lilikuwa na masikio mawili, moja la kusikiliza wateja wa wafanyabiashara na jingine la kusikiliza wasomaji wa makala, na kwa muda mrefu masikio yote mawili yalisikia jambo lile lile. Watu waliotaka makala ya kina kuhusu kumbukumbu ya kompyuta ndio hao hao waliotaka kununua kumbukumbu. McGraw-Hill, kampuni kubwa ya uchapishaji, ililinunua Byte mwaka 1979. Kufikia 1983 toleo moja lilizidi kurasa 500, zito kama kitabu cha simu cha jiji, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa matangazo. Wasomaji hawakulalamika sana. Nami, nikiwa mkweli, ningekuwa mmoja wa waliolibeba kwa furaha.

Hata hivyo kulikuwa na wezi. Mwaka 1979 kampuni moja ya Tucson, Arizona ilitangaza kwa kishindo katika majarida ya kompyuta vifaa ambavyo havikuwapo, ikakusanya fedha za wateja kwa posta, na mwenye kampuni akatoroka. Kabla yake na baada yake walikuwapo wengine wasio wezi, bali wenye ndoto: walitangaza leo kitu ambacho wangekitengeneza kwa pesa ya watakaoagiza kesho. Majarida yalipokea fedha za matangazo hayo yote. Nani angeyachuja?

Upande wa pili wa bara, Menlo Park, California, kikundi kisicho cha faida kilichoitwa People's Computer Company kilijaribu njia tofauti kabisa. Dennis Allison na Bob Albrecht walitaka lugha ndogo ya programu, Tiny BASIC, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitumia katika kompyuta yenye kumbukumbu ndogo mno. Programu ya BASIC iliyouzwa na MITS, iliyoandikwa na Bill Gates na Paul Allen, ilikuwa ghali, na wengi waliinakili bila kulipa. Februari 1976 Gates alichapisha barua ya wazi kuwaita wezi. Kikundi cha Menlo Park kilikuwa kimeshaanza kulijibu tatizo hilo kwa vitendo. Januari 1976 kilianza kutoa kijarida, ambacho kwanza kilipangwa kuwa matoleo matatu tu ya fotokopi, chenye programu kamili, namba kwa namba, kila mtu aichukue bure. Jina lake, Dr. Dobb's Journal, lilitokana na kuunganisha majina Dennis na Bob. Mhariri wa kwanza alikuwa Jim Warren, na katika matoleo ya mwanzo hakukuwa na tangazo la kulipiwa hata moja.

Uhuru huo ulionekana ndani ya kurasa. Li-Chen Wang alichapisha humo Tiny BASIC yake, iliyoingia katika kumbukumbu isiyofika kilobaiti 2. Msomaji aliketi usiku akiingiza namba zile moja moja kutoka kwenye ukurasa hadi kwenye mashine, na akikosea moja huanza kutafuta. Hakuna mwenye duka anayefaidika na jambo hilo. Kinyume chake, kila aliyefanikiwa alikuwa mteja mmoja aliyepotea kwa wauza programu. Warren pia aliwahimiza wasomaji waandike kuhusu kampuni zilizochelewesha oda au kuuza vitu vibovu, na alizichapisha barua hizo. Jarida lenye kurasa 300 za matangazo lisingethubutu mara kwa mara.

Bei ya uhuru ilionekana vilevile. Karatasi hafifu, wafanyakazi wachache, malipo kidogo. Na kuna jambo ambalo wapenzi wa Dr. Dobb's hulipita haraka: Warren alipotaka fedha ya maana alikwenda kwa wafanyabiashara wale wale. Aprili 1977 aliandaa San Francisco maonyesho ya kompyuta yaliyoitwa West Coast Computer Faire, akawakodisha wauzaji vibanda. Watu zaidi ya 12,000 walifika. Ni hapo Apple II ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Mhariri asiyeuza ukurasa aliuza sakafu. Simlaumu; jarida lake lilibaki safi, na wasomaji walijua mpaka uko wapi.

Upande wa mwisho kabisa walikuwapo wenye imani kwamba msomaji asilipe chochote. Softalk lilianza Septemba 1980 kusini mwa California, likiongozwa na Margot na Al Tommervik, kwa ajili ya wenye kompyuta za Apple. Ulituma namba ya mashine yako, nawe ukaletewa jarida mwaka mzima bure. Lilikuwa jarida zuri, lenye uchangamfu, na hadi leo wazee wa Apple hulitaja kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayakuwa katika hesabu. Gharama kwa sehemu kubwa ziliegemea matangazo ya kampuni za programu na vifaa.

Kisha soko likaanguka. Mwaka 1983 vita vya bei kati ya watengenezaji wa kompyuta za nyumbani viliwamaliza baadhi yao. Texas Instruments ilijitoa Oktoba mwaka huo. Kompyuta ya IBM iliyotoka 1981 ilikuwa inawavuta wanunuzi na watengenezaji upande mmoja, na kampuni ndogo za karakana, zile zilizonunua robo ukurasa kila mwezi, zilikufa moja baada ya nyingine. Softalk lilitoa toleo la mwisho Agosti 1984. Microcomputing, lile lililokuwa Kilobaud, lilifungwa mwaka huo huo. Green alikuwa ameshauza kampuni yake mwaka 1983, kwa bahati au kwa pua ya mfanyabiashara. Mwaka uliofuata majarida ya Creative Computing na Popular Computing nayo yakaisha. Wasomaji hawakuwa wametoroka. Katika sebule za Marekani kompyuta zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote, na watu walikuwa na maswali kuliko wakati wowote. Walioondoka ni walipaji, na walipaji hawakuwa wasomaji.

Byte lilinusurika, kwa kubadilika. Likawaacha polepole watu wa chuma cha kulehemu, likawafuata wanaonunua kompyuta kwa ajili ya ofisi, kwa sababu huko ndiko matangazo yalikohamia. Steve Ciarcia, ambaye tangu 1977 alikuwa akiwafundisha wasomaji kujenga vifaa kwa mikono yao, aliondoka 1988 akaanzisha jarida lake mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru mhariri wa Byte kuwaacha wasomaji wake wa mwanzo. Ndivyo nguvu ya matangazo inavyofanya kazi: mara chache sana hutoa amri. Huvuta tu, mwezi baada ya mwezi. Katikati ya 1998 McGraw-Hill ililiuza Byte kwa kampuni ya CMP, na toleo la Julai mwaka huo likawa la mwisho, likiwa bado na wasomaji kwa mamia ya maelfu.

Dr. Dobb's nalo, baada ya miaka ya mwanzo, lilipita katika mikono ya wachapishaji wa kibiashara na kupokea matangazo kama wengine. Toleo la karatasi lilikoma 2009. Desemba 2014 mhariri wake aliwaaga wasomaji waliokuwa wakilisoma mtandaoni, akaeleza kwamba idadi yao haikuwahi kuwa kubwa namna ile. Kilichokosekana ni mapato ya matangazo. Jarida lililozaliwa likilipiwa na wasomaji wachache lilikufa likiwa na wasomaji wengi wasiolipa.

Hukumu yangu ni hii. Gharama za msingi za jarida la hobi, yaani mhariri, karatasi na posta, au leo mhariri na seva, zilipwe na wasomaji, hata kama itamaanisha wasomaji kidogo na kurasa chache. Matangazo yalipie kinachozidi hapo: rangi, kurasa za ziada, safari ya mwandishi. Namna hiyo matangazo yakija jarida linanenepa, yakiondoka linakonda, lakini halifi. Gernsback hangekubali. Green angeandika tahariri ya kurasa nane kunipinga, na kuhusu vyama angekuwa na hoja: wasomaji wanaomiliki jarida wamdai mhariri nafasi ya kuwapinga viongozi wao, na wasiache hadi waipate.

Hatima ya majarida ya redio ni hii. 73, ambalo Green alikuwa amelirudisha mikononi mwake, lilitoa toleo la mwisho Septemba 2003, naye akafariki Septemba 2013. CQ lilikoma mwishoni mwa 2023, likikaribia miaka 79. QST bado linatoka kila mwezi, nalo halikukwepa hesabu za gharama: Januari 2024 ada ya uanachama ilipanda kutoka dola 49 hadi dola 59 kwa mwaka, na aliyetaka nakala ya karatasi aliongeza dola 25.